Laiti Wanyika Wangaliandikiana

Mjomba wangu wa Ziwani aliniletea habari mwezi uliopita kwamba nifike Nairobi upesi, na nije na kalamu. Mtu wa miaka 79 akikuita na kalamu, akili hukimbilia wasia. Nikapanda gari moshi pale Miritini, usiku nikawa kwake, na kumbe wito haukuwa wa wasia, ingawa haukuwa mbali nao. Nitaueleza mbele. Kwanza namwomba msomaji aniwie radhi nizungumze juu ya magitaa, kwa kuwa shauri la mjomba na shauri la magitaa kwangu mimi yamekuwa shauri moja tangu mwaka 1979.

Najua wako watakaouliza, mtu aliyelelewa chuoni, akahitimu Msahafu kwa fimbo za mwalimu, ana haja gani na bendi za dansi? Suala la muziki na sheria lina wenyewe, wala leo silifungui. Mimi nasema juu ya watu waliofanya kazi pamoja kisha wakaachana, na jambo hilo ni la dini na la dunia pia.

Wazungu wana mazungumzo yao wasiyoyachoka: lau Beatles wasingaliachana mwaka 1970, ingalikuwaje? Nani angalitunga nini, nani angalinyamaza, nani angaliweza kuwapatanisha? Watu wazima wenye wajukuu hukaa wakabishana hayo mpaka chai ikapoa. Sisi wa pande hizi tunao Beatles wetu, nao ni Simba Wanyika, na mimi nimeliuliza swali hilo juu yao kwa muda wa miaka zaidi ya arubaini.

Wilson Kinyonga na ndugu yake George walianza kwao Tanga, katika Jamhuri Jazz Band, mwaka 1966. Mwaka 1970 wakaenda Arusha, na pamoja na ndugu yao mwingine, William, wakaunda Arusha Jazz. Mwaka uliofuata wakavuka mpaka, wakapita kwetu Mombasa, kisha wakahamia Nairobi, na jina likawa Simba Wanyika. Simba wa nyika. Sisi wa Mombasa jina lile lilitufanya tutabasamu kidogo, maana neno "Wanyika" vinywani mwa wazee wetu lilikuwa na maana nyingine, tena isiyo ya adabu kwa jirani zetu Wamijikenda. Lakini magitaa yalipoingia masikioni jina likasameheka.

Rumba waliipokea kutoka Kongo, kwa akina Dokta Nico, kama walivyoipokea wengine wote. Walichokitia wao ni Kiswahili cha Tanga, kimetamkwa sawasawa, mtu hana haja ya kumwuliza jirani yake wameimba nini. Na chini ya sauti zile palikuwa na kitu ambacho wengi hawakukipa jina. Gita la solo ndilo lisifiwalo, kwa kuwa ndilo lipandalo juu likaonekana. Lakini mwenye sikio alisikia chini yake gita la ridhimu likienda na kurudi, likienda na kurudi, kama vidole vya mama asukaye ukili huku akizungumza na wageni, wala hapotezi njia hata moja. Mwenye vidole vile alikuwa Omar Shabani, ambaye watu walimpa cheo cha "Profesa".

Mwezi wa Novemba mwaka 1978 Omar Shabani alitoka. Wakatoka pamoja naye Tom Malanga wa besi, na Rashid Juma wa dramu, yaani chini yote ya muziki. Wakashirikiana na John Ngereza, naye mtu wa Tanzania, na mwimbaji Issa Juma, bendi ikaitwa Les Wanyika. Hilo "Les" ni Kifaransa, mtindo ulioletwa na Wakongo; Kifaransa mbele na Kiswahili nyuma, kama mtu aliyevaa kanzu na tai. Mwaka 1979 wakatoa "Sina Makosa", utungo wa huyo Omar Shabani, na sina haja ya kumweleza msomaji wimbo huo ni upi. Hata aliyezaliwa jana ameusikia arusini.

Baadaye Issa Juma naye akatoka akaunda Super Wanyika, ndiyo iliyotupa "Sigalame" mwaka 1983. Na ndugu wenyewe wa Tanga, miaka ile ya 1980, waliwahi kupiga chini ya jina jingine, Jobiso. Wakamegeka na kumegeka, lakini lililo kubwa ni kwamba waliotoka hawakukubali kuliacha jina. Simba Wanyika, Les Wanyika, Super Wanyika. Mtu akiichukia nyumba ya babake hachongi jina la baba juu ya mlango wake mpya. Mimi hiyo ndiyo dalili yangu ya kwanza kwamba watu hawa hawakutaka kuachana. Walitaka jambo jingine.

Sasa nirudi Ziwani.

Mwaka 1979 nilikuwa mtoto wa miaka kumi. Shule zilipofungwa Desemba, mama akanitia ndani ya gari moshi la usiku, barua mkononi, niende kwa mjomba. Ziwani ni mtaa wa nyumba za baraza la mji zilizojengwa zama za Waingereza kwa ajili ya wafanyakazi, safu kwa safu, upande mmoja Kariokor na upande mwingine Starehe, na mto wa Nairobi hauko mbali. Ziwa sikuliona. Vyumba vilikaribiana kiasi cha kwamba redio moja ilitosha safu nzima, na mwenye redio kubwa ndiye aliyewachagulia wengine. Sisi wapwani tulikuwa wachache pale. Wetu walijaa Majengo ya Pumwani, na Ijumaa mjomba alinishika mkono tukaenda kuswali Riyadha.

Mjomba alikuwa fundi wa kushona. Yeye na mwenzake, mtu wa Tanga, walikuwa na kibanda Gikomba na cherehani tatu: moja ya mjomba, moja ya yule wa Tanga, na ya tatu waliinunua kwa faida yao wote wawili. Yule wa Tanga aliwasifu akina Kinyonga kana kwamba amewanyonyesha yeye. Tena alikuwa na sababu ya kuwang'ang'ania. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mwezi wa Februari mwaka huo Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, usifunguliwe mpaka Novemba 1983. Msomaji wa Mombasa ajua maana yake. Tanga ni mwendo wa nusu siku. Mtu huenda kuzika akarudi. Ghafla ikawa mbali kuliko Maskati. Wanamuziki wale wa Tanga waligombana wakiwa ndani ya nyumba ambayo mlango wake wa nje umefungwa, wala hapakuwa na wazee wa kwao waliokuwa karibu wa kuwakalisha mkekani. Sioni watu wakilitaja hilo, nami naona lataka kutajwa.

Mjomba na mwenzake hawakuandikiana lolote. Kila jioni walihesabu pesa za siku juu ya meza ya kukatia, hii yako hii yangu, wakafunga. Ugomvi ulipozuka haukutoka kwenye pesa za jioni. Ulitoka kwenye sare za shule. Kazi kubwa, malipo baada ya miezi, na malipo yalipokuja yalikuja kwa hundi yenye jina la mjomba, maana kitabu cha risiti kilikuwa na jina lake. Mjomba alitoa sehemu aliyoiona ni haki. Mwenzake aliiona ni ndogo. Wote wawili walikuwa wakweli, na hiyo ndiyo iliyokuwa balaa yake.

Siku alipokuja kuchukua cherehani yake kwa mkokoteni nilikuwapo, nimekaa juu ya jora la khaki. Alikuwa akivumisha wimbo, midomo imefumba, na wimbo ulikuwa "Sina Makosa". Mwaka ule kila mtu Nairobi alikuwa akiuvumisha, makondakta, wauza maji, watoto. Lakini mjomba hadi leo ana yakini kwamba aliimbiwa yeye. Ukipigwa redioni huondoka.

Chuoni mwaka ule nilikuwa ndani ya Suratul Baqara, na kila aliyepita chuo anaijua aya ya 282, ndefu kuliko zote katika Msahafu, iliyotula fimbo sisi wote. Yahusu deni. Imeamrisha deni la muda liandikwe, mwandishi awe mwadilifu, mashahidi wawepo, na asemaye cha kuandikwa awe ni yule mwenye kudaiwa. Kisha ikatoa ruhusa: biashara ya mkono kwa mkono, mnayopeana papo hapo, si vibaya msipoiandika. Nilikariri tu. Ilinichukua miaka mingi, na kazi hii ya gazeti iliyonikalisha na wapiga magitaa wengi, kuona kwamba aya ile imeyapanga mambo ya bendi kama yalivyo.

Pesa za bendi ni za namna mbili. Kuna za mlangoni: watu wameingia kucheza, pesa zimehesabiwa alfajiri, kila mtu amepewa chake mkononi, akaenda kulala. Hizo mara chache huvunja bendi. Na kuna za santuri. Santuri hurekodiwa leo, huuzwa River Road mwaka mzima, na hesabu hulipwa mbele huko kwa jina lililochapwa kwenye lebo, la mtungaji au la mkuu wa bendi. Aliyepiga ridhimu usiku ule studioni hana jina kwenye lebo. Kwake yeye pesa zile ni deni la muda lisiloandikwa. Wimbo usipouzwa, hakuna neno. Ukiuzwa, kila redio ikiupiga humkumbusha.

Kuna jambo jingine ambalo mtu wa pwani ataling'amua upesi. Wanamuziki wetu magitaa na spika huviita vyombo. Sisi chombo ni jahazi. Na katika bendi, kama baharini, swali la kwanza ni chombo cha nani? Asiye na gita lake ni baharia. Lakini wazee wetu wa jahazi walikuwa na dawa ya hilo kabla gita halijafika huku. Safari ikiisha, hutolewa gharama za chakula na bandari, kisha faida hugawanywa mafungu: chombo kina fungu lake, nahodha ana lake lililozidi, na mabaharia kila mtu lake. Baharia hakuwa mtu wa mshahara wa huruma. Alijua fungu lake kabla ya kutweka tanga, na kwa hiyo nahodha alipochukua zaidi hakuna aliyenuna.

Haya yote niliyasema juzi pale Ziwani, barazani kwa mjomba, baada ya Isha. Alikuwapo jirani yake, mzee wa Kiluhya, karani mstaafu wa reli, mwenye kabati zima la santuri. Nikasema kama Wilson angaliwaandikia mafungu watu wake, Simba Wanyika isingalivunjika mwaka 1978.

"Bwana Mwandishi," akaniambia, "na 'Sina Makosa' ungalitoka wapi?"

Nikakaa kimya.

"Ngereza angalikuwa wapi? Issa Juma angalikuwa wapi? Wewe wataka kuwafunga watu pamoja halafu usikilize walichoimba walipofunguliwa."

Nikamtolea Beatles. Yule mzee kumbe anawajua kuliko mimi. "Hao hao waliandikiana," akasema. "Mwaka 1967 walitia sahihi ushirika wa miaka kumi, mbele ya mawakili. Miaka minne haikutimia, wakapelekana mahakamani." Na ni kweli. Desemba 1970 Paul McCartney alifungua kesi London kuuvunja ushirika ule, na haukuvunjwa rasmi mpaka mwaka 1975. Wala hawakukosa mapatano mengine. Lennon na McCartney walikubaliana tangu ujana kwamba wimbo wa mmoja uandikwe kwa majina ya wote wawili, na wakatimiza. Aliyebaki nje ya mapatano hayo ni George Harrison. Nyimbo zake zilirundikana, kila albamu akipewa nafasi mbili tatu. Walipoachana, mwaka huo huo wa 1970 akatoa santuri tatu kwa mpigo. Mtu hatoi santuri tatu kwa mwezi mmoja ila amezikalia miaka. Omar Shabani, kwa macho yangu, ndiye George Harrison wetu: wa tatu katika nyumba ya wawili, tena wale wawili wetu ni ndugu wa tumbo.

Basi mzee wa reli alinishinda, nami nilikubali. Karatasi peke yake haizuii mtu kutoka. Lakini nilipolala niliendelea kubishana naye kichwani, na nikajikuta naelekea Unguja. Nadi Ikhwan Safaa iliundwa Unguja mwaka 1905, na ipo. Imepita masultani, imepita mapinduzi ya 1964, wapigaji wake wa kwanza wamezikwa na wajukuu wao wamezeeka. Imekaa kwa sababu ni nadi, ina wanachama, si mali ya mtu na nduguze. Kadhalika NUTA Jazz ya Dar es Salaam, iliyoundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Imebadilishwa jina mara kadhaa mpaka ikawa Msondo Ngoma, waimbaji wakubwa wametoka na wengine wamerudi, na bendi ikasimama, maana aliyetoka alikuwa ametoka kazini, hakutoka katika familia ya mtu. Kumbe swali si kuwazuia watu wasitoke. Ni kuweka mlango ambao mtu aweza kuutumia kwa kutoka na kwa kuingia.

Asubuhi nikawarudia wazee wangu na ndoto yangu mpya. Ni Novemba 1978, chumba kimoja Nairobi, onyesho limekwisha. Wilson afungua daftari. Vyombo vina fungu lao, mkuu wa bendi ana lake, ridhimu na besi na dramu wana lao, kwa pesa za mlangoni na kwa pesa za santuri. Atungaye wimbo ataandikwa yeye kwenye lebo. Na sharti la mwisho, lenye uzito kuliko yote: yeyote mwenye nyimbo zake ana ruhusa ya kwenda kurekodi na awatakao, kwa jina la Wanyika, kisha Jumamosi arudi mahali pake. Basi Omar Shabani aenda studioni na Ngereza na Issa Juma, warekodi "Sina Makosa" ile ile, haikupungua kitu. Jumamosi yuko nyuma ya Wilson, ridhimu inakwenda na kurudi.

Mzee wa reli alicheka akasema hilo aweza kulikubali. Mjomba, ambaye usiku kucha hakutia neno, akasema, "Mwanangu, umeandika nikaha na talaka katika karatasi moja." Sikujua kama ananilaumu.

Haya hayakuwa. Simba Wanyika iliendelea, ikaenda kupiga Ulaya, albamu ya "Pepea" ikatoka mwaka 1992, na mwaka huo huo George akafariki. Wilson akamfuata mwaka 1995, na bendi ikaishia hapo. Omar Shabani alifariki mwaka 1998, na John Ngereza hakukaa sana baada yake. Mwaka 2023 Beatles wawili waliobaki waliichukua sauti ya Lennon kutoka kwenye kaseti ya zamani, mitambo ikaisafisha, wakautoa wimbo wa "Now and Then" na majina ya wote wanne yakaandikwa. Kwetu hakuna wa kukaa studioni na kusema, ebu tumalize. Nyimbo zipo, zapigwa kila usiku wa Jumapili, na safari hii nilimwona kijana wa bodaboda hapo Kariokor akiuvumisha ule ule, midomo imefumba.

Sasa wito wa mjomba. Yule wa Tanga amefariki mwaka jana, Mungu amrehemu. Hawakupata kusemezana tena tangu mkokoteni ule. Mpaka ulipofunguliwa mwaka 1983 alirudi kwao, akaoa, akazaa. Mjomba akaniingiza chumba cha ndani, akavuta kitambaa cheupe. Ilikuwa cherehani ya tatu. Hakuishonea tangu siku ile wala hakuiuza. Kila ukiingia Ramadhani huitia mafuta na kuifunika.

"Nusu yake si yangu," akasema. "Na zile za sare nimezihesabu tena. Alikuwa amesema kweli kuliko mimi. Wataka nife nazo?"

Ndiyo maana aliitaka kalamu, karatasi ipelekwe kwa watoto wa marehemu Tanga, nami niipeleke kwa mkono wangu. Akaitwa yule mzee wa reli, akaitwa na kijana wa jirani aliyekuwa akirudi msikitini, wawe mashahidi. Nikaketi nikaanza kwa ufundi wangu wa gazeti, "Mimi niliyetajwa hapo juu," na mengineyo.

Mjomba akaushika mkono wangu. "Wewe andika tu. Kusema ni juu yangu mimi nidaiwaye."

Akasema polepole, jina lake kwanza, jina la babake, kisha jina la mwenzake, ambalo sikupata kulisikia kinywani mwake kwa miaka yote ile. Alipofika kwenye cherehani aliitaja namba iliyochongwa ubavuni mwa chuma, tarakimu moja baada ya nyingine, bila ya kugeuka kuitazama.